Lori lirudi tupu au na shaba? Uhasibu niliojifunza kwa kubishana

Watu wakisikia nimesoma uhasibu wa menejimenti, huniletea risiti. Mmoja anataka nimsaidie kufunga hesabu za mwaka, mwingine ana barua ya TRA mkononi. Huwa nawarudisha. Kufunga mwaka, kodi na ukaguzi ni kazi ya wahasibu waliosajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, na mitihani yao si ya mchezo. Sisi tulichosomeshwa ni namna ya kutumia gharama kuamua jambo ambalo bado halijatokea. Mteja huyu tumpe bei gani? Bidhaa hii tuiache au tuendelee nayo? Kazi hii tuifanye wenyewe au tumpe mtu wa nje? Hesabu za mwaka zinasomwa na benki, wanahisa na serikali, kwa hiyo zina kanuni zake. Hizi nyingine zinasomwa ndani ya kampuni tu, na hakuna kanuni inayokulazimisha uzipange hivi au vile. Ndiyo maana watu wawili wenye akili timamu, wakiwa na jedwali moja, wanaweza kutoka na majibu yasiyofanana na wote wakawa na hoja.

Mimi natokea kwenye malori. Kazi yangu ni kupanga safari: lori lipi linapakia bandarini leo, lipi linakwenda Lusaka, lipi Lubumbashi, lipi limekwama Tunduma na kwa nini. Masomo yalikuwa ya jioni, katika chuo kimoja cha hapa Dar, ile shahada ya uzamili ya biashara ambayo kila mtu anaiita MBA. Wengi wetu tulifika tukiwa tumetoka kazini moja kwa moja, shati limelowa jasho la kwenye mwendokasi, na mkononi kuna kijitabu cha kurasa kumi au kumi na tano ambacho ulipaswa kuwa umekisoma jana usiku.

Kijitabu hicho ndicho kesi yenyewe. Kinaeleza kampuni fulani iliyofika njia panda: ilianzaje, inauza nini, nani anagombana na nani. Nyuma kuna majedwali ya hesabu. Ukurasa wa mwisho meneja amekaa mezani na kesho asubuhi anatakiwa kutoa uamuzi. Hapo kinaishia. Jibu halimo, na mwalimu halitoi.

Mtindo huu ulitoka Marekani. Shule ya biashara ya Harvard ilianzishwa mwaka 1908, na Wallace Donham alipokabidhiwa kuiongoza mwaka 1919 alikuja na mazoea ya shule ya sheria alikosoma yeye, ambako wanafunzi hufunzwa kwa kuchambua hukumu za mahakama. Kesi ya kwanza ya biashara, ya kampuni ya viatu, ilitoka mwaka 1921. Kwa ukanda wetu, shule ya biashara ya Strathmore kule Nairobi inafahamika kwa kufundisha hivi. Vyuo vingine huchanganya: mihadhara kiasi, kesi kiasi. Chetu kilichanganya, lakini Dokta aliyetufundisha somo hili hakuwa na subira na mihadhara.

Viti vilipangwa kwa ngazi, nusu duara, ili kila mtu amwone mwenzake usoni, na mbele ya kila mmoja palikuwa na kibao cha jina. Dokta aliingia, akaitikia salamu, akatazama vibao, akataja jina moja. "Wewe ndiye meneja. Unafanya nini?" Basi. Kama hukusoma, utajua siku hiyo. Sehemu kubwa ya alama ilitokana na kuchangia darasani, kwa hiyo hata kujificha nyuma ya mtu mrefu hakukusaidia.

Tatizo la kwanza halikuwa hesabu, lilikuwa heshima. Darasa lilikuwa na vijana wa miaka ishirini na kitu na wazee wanaokaribia kustaafu, wakuu wa idara, hata mstaafu mmoja wa jeshi. Dakika tano kabla ya kipindi binti anamwambia mzee "shikamoo", dakika tano baadaye anatakiwa amwambie mbele ya watu hamsini kwamba hesabu yake imekosewa. Majuma ya mwanzo hakuna aliyethubutu. Mzee akisema jambo, darasa linanyamaza, Dokta anangoja, saa ya ukutani inasikika. Baadaye tukabuni adabu yetu wenyewe. Ulianza na "mzee wangu, naomba nikuongezee hapo," kisha unabomoa hoja yake yote. Kila mtu alijua "kuongezea" maana yake nini, na mzee aliyeongezewa alicheka kwanza kuliko wote. Na mjadala ulipopamba moto, Kiingereza cha darasani kiliwekwa kando bila mtu kutangaza. Dokta mwenyewe alikuwa wa kwanza kukiacha.

Kundi letu la kusomea lilikuwa na watu wanne: dada mmoja wa idara ya mikopo benki, muuguzi mkuu wa hospitali, mzee aliyekulia viwandani, na mimi. Tulikutana kwenye mgahawa ulio chini ya jengo kabla ya kipindi, tukagawana majedwali huku tunakula. Nitawataja sana, kwa sababu nusu ya nilichojifunza kilitoka kwao, na sidhani kama kuna kitabu kingenipa.

Kesi ya kwanza nzito ilikuwa ya kiwanda cha sabuni. Dokta aliitunga mwenyewe, tarakimu akazifanya nyepesi ili tusipoteze muda kwenye kikokotoo. Kiwanda kina bidhaa tatu: sabuni ya mche, sabuni ya kuogea, na visabuni vidogo vya hotelini. Mauzo ya mwezi ni shilingi milioni 100, milioni 60 na milioni 40. Gharama zinazopanda na kushuka pamoja na uzalishaji, yaani mafuta, kostiki, manukato na karatasi za kufungia, ni milioni 60, 36 na 32. Halafu kuna milioni 60 za pamoja: pango, mishahara ya ofisi, mafundi, walinzi. Mhasibu amezigawa kwa uwiano wa mauzo, kila bidhaa ikabebeshwa asilimia 30 ya kile inachouza. Ukimaliza kutoa, mche unabaki na faida ya milioni 10, sabuni ya kuogea milioni 6, na visabuni vya hoteli vina hasara ya milioni 4. Bodi inataka vifungwe.

Aliyeitwa alikuwa kijana wa mauzo. "Nafunga. Kila mwezi milioni nne zinatoka mfukoni." Dokta akaandika ubaoni: FUNGA. Akauliza nani anakubali, mikono mingi ikapanda. Dada wa benki hakunyosha. "Kaka, naomba nikuongezee. Ukifunga, ile milioni 12 ya mgawo wa visabuni inakwenda wapi? Mlinzi utampunguzia mshahara? Mwenye nyumba atakupunguzia pango?"

Kimya. Visabuni vile, baada ya kulipa mafuta na karatasi zake vyenyewe, vilikuwa vinaleta milioni 8 kusaidia kubeba ile milioni 60. Huo ndio unaoitwa mchango. Viondoe, milioni 60 inabaki palepale, na faida ya kiwanda kizima inashuka kutoka milioni 12 hadi milioni 4. Dokta akatuambia tuchore jedwali upya bila visabuni. Sasa milioni 60 inabebwa na mauzo ya milioni 160, kwa hiyo kila bidhaa inabebeshwa asilimia 37.5 ya mauzo yake. Mche unabaki na faida ya milioni 2.5, sabuni ya kuogea milioni 1.5. "Haya," akasema, "sabuni ya kuogea sasa ndiyo dhaifu. Tuifunge na yenyewe?" Ukiifunga, mche unaachwa peke yake na mchango wa milioni 40 dhidi ya milioni 60. Kiwanda kimekufa, na kila hatua ya kukiua ilikuwa na jedwali linaloiunga mkono.

Vitabu vingi vya utangulizi hufika hapo vikaweka nukta. Usiguse gharama za pamoja, tazama mchango, somo limekwisha. Darasa likaanza kufunga madaftari. Ndipo yule mzee wa kundi letu akakohoa.

"Mnazungumza kana kwamba mtambo unajua mauzo," akasema. Akaeleza. Sabuni ya mche ukiianza asubuhi, mtambo unakwenda mpaka jioni bila kuguswa. Visabuni vya hoteli huagizwa kidogo kidogo, kila hoteli na nembo yake. Kila oda unasimamisha mtambo, unasafisha, unabadilisha mhuri, unajaribu, zile za kwanza zinatupwa, ndipo unaanza. Mafundi wako siku nzima wanashughulikia visabuni. Hiyo asilimia 30 ambayo visabuni vimebebeshwa ni upendeleo, akasema, ukihesabu mafundi wanapotumia saa zao utakuta vinakula zaidi ya milioni 12.

Hoja hiyo ina historia yake. Miaka ya 1980 Robin Cooper na Robert Kaplan wa Harvard walizunguka viwandani wakakuta gharama za pamoja zimekuwa kubwa mno kugawanywa kwa saa za vibarua au kwa mauzo, wakapendekeza zigawanywe kwa kufuata shughuli zinazozisababisha: mara ngapi mtambo umebadilishwa, oda ngapi zimeshughulikiwa, mizigo mingapi imekaguliwa. Mzee wetu hakuwa amewasikia. Aliyajua hayo kwa kusimama karibu na mtambo.

Sasa darasa likagawanyika kweli. Muuguzi mkuu akauliza swali ambalo mpaka leo naona ndilo lililobeba kesi nzima: "Hao mafundi wanalipwa kwa mwezi au kwa kazi?" Wakiwa wa mwezi, basi ukifunga visabuni leo hawaponyoki kwenye orodha ya mishahara. Watakaa, watakunywa chai, na milioni zao zitatoka vilevile. Gharama itapungua tu kama utawaachisha, au kama muda wao utaupatia kazi nyingine yenye kuleta pesa. Kwa uamuzi wa mwezi huu, dada wa benki yuko sahihi. Kwa uamuzi wa mwaka kesho, wakati unafikiria kuajiri au kutoajiri, mzee yuko sahihi. Mwanauchumi wa Marekani J. Maurice Clark aliliandika jambo hilo mwaka 1923, kwamba hakuna gharama moja ya kitu, gharama inategemea unaitaka kwa kazi gani. Niliisoma sentensi yake baadaye nikaipita haraka. Ilikuwa imeshaniingia kwenye ule ubishi.

Na mwishoni binti mmoja wa nyuma, ambaye hakuwa amezungumza tangu muhula uanze, akauliza kwa nini tunachagua kati ya kufunga na kuacha. Hoteli ziambiwe oda ya chini ni kiasi fulani, na nembo ilipiwe mara moja kila inapobadilishwa. Dokta aliandika hilo pembeni ya FUNGA, akafuta mikono, akaondoka. Watu wakamfuata mlangoni. "Dokta, jibu sasa ni lipi?" Alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Kesi ya malori ilipokuja nilijua nitaitwa, na niliitwa. Kampuni ya Dar inapeleka mzigo Lubumbashi kupitia Tunduma, Kapiri Mposhi, Ndola na Kasumbalesa, karibu kilomita 2,000. Kwenda, lori limejaa, nauli ni dola 5,000. Kurudi, tupu. Anatokea mteja mwenye shaba inayotakiwa bandarini Dar, anatoa dola 1,600. Mhasibu wa kampuni anakataa. Kwa hesabu yake safari nzima, kwenda na kurudi, pamoja na bima, uchakavu, gereji na ofisi, inagharimu dola 4,400. Nusu yake ni 2,200. Huwezi kuuza cha 2,200 kwa 1,600.

Tarakimu hizo ni za darasani, kila anayefanya kazi hii atakuwa na zake. Lakini mabishano ni yaleyale ninayoyasikia ofisini. Darasa lilikuwa limeshaiva kwa kesi ya sabuni, likamshukia mhasibu mara moja. Lori litarudi tu, shaba iwepo isiwepo. Dereva atakula, bima inatembea, dizeli ya kurudi tupu imeshatoka. La kuuliza ni nini kinaongezeka likibeba. Kesi ilitaja: dizeli ya ziada kwa uzito, matairi, nyaraka za forodha, posho ya dereva kwa siku zinazoongezeka. Jumla dola 700. Toa kwenye 1,600, unabaki na 900. Chukua mzigo. Hata yule kijana wa mauzo sasa alikuwa anasema mchango kama amezaliwa nao.

Nikawaambia wangoje, hamjahesabu siku.

Mtu asiyewahi kukaa Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, anadhani lori ni dizeli na matairi. Lori ni siku. Likirudi tupu linapita mpakani na karatasi chache. Likibeba shaba, kwanza linasubiri kupakia, halafu kibali cha kusafirisha nje, halafu foleni, halafu mizani kila nchi, halafu Tunduma tena. Ndani ya kesi siku zilikuwepo, zimefichwa kwenye jedwali la mwisho ambalo wengi hawakulifikia: safari ya kurudi tupu huchukua siku 18 kwenda na kurudi, yenye shaba siku 24. Siku sita zaidi. Je, siku sita za lori zina bei gani?

Nikaomba chaki. Nauli ya kwenda ni 5,000. Pesa inayotoka kwa sababu ya safari yenyewe, ukiacha bima na ofisi ambazo zipo lori likitembea au likilala, ni 3,200. Mchango ni 1,800 kwa siku 18, sawa na dola 100 kwa siku. Siku sita ni dola 600. Hiyo ndiyo gharama ya fursa, yaani pesa ambayo lori lingeingiza siku hizo kwa safari nyingine, na haimo kwenye kitabu chochote cha mhasibu kwa sababu hakuna risiti yake. Kwa hiyo ile 900 ni 300. Foleni ikiongeza siku tisa badala ya sita, imebaki sifuri. Ikiongeza kumi na mbili, shaba inakula pesa ya mzigo wa kwenda.

Kuna kitu kimoja zaidi, na nilikaa nacho kwa makusudi mpaka mtu akiulize. Aliuliza mstaafu wa jeshi. "Hiyo mia kwa siku unaipata wapi kama Dar hakuna mzigo?" Hupati. Mia kwa siku ipo pale tu ambapo bandarini kuna kontena linangoja lori lako. Miezi ambayo meli zimejaa na wateja wanapiga simu usiku, kila siku ya lori ina bei. Miezi ambayo malori yamepanga yadi nzima na madereva wanacheza bao, siku sita hazigharimu kitu, na shaba ya dola 1,600 ni zawadi. Mteja yuleyule, bei ileile, njia ileile, uamuzi unageuka kwa kutegemea kilichopo Dar. Na ile 2,200 ya mhasibu haina kazi katika miezi yote miwili, wala ya neema wala ya ukame.

Nilidhani nimemaliza. Dada wa benki akanyosha mkono. "Kaka yangu, pesa ya shaba inaingia lini?" Kesi ilisema siku 60 baada ya kukabidhi nyaraka. Posho na dizeli ni taslimu, leo. "Basi hizo dola 300 zako utaziona baada ya miezi miwili, na marejesho yangu ni tarehe tano." Darasa likacheka, lakini alikuwa anasema kweli. Uamuzi mzuri kwenye ubao unaweza kulifanya lori likamatwe na benki. Muuguzi mkuu naye akaja na la kwake: dereva analipwaje? Akilipwa kwa safari, kumwongezea siku sita ni kumpunguzia kipato, atatafuta sababu, lori litaharibika njiani, Serenje huko Zambia. Mpangaji wa safari anapimwaje? Akipimwa kwa asilimia ya kilomita zenye mzigo, atabeba chochote, hata mzigo wa hasara, kwa sababu kilomita tupu zinamwaibisha kwenye ripoti. Alisema hivyo akinitazama. Kipimo hicho ndicho tunachotumia sisi, na karibu kila kampuni ya malori ninayoijua.

Alipoulizwa ameyajuaje hayo na yeye si mtu wa malori, akasimulia ya wodini. Wodi yake ilipangiwa bajeti ya glavu na vifaa vidogo kwa wagonjwa 1,000 kwa mwezi, shilingi 3,000 kila mmoja, jumla milioni 3. Mwezi mmoja wakaja wagonjwa 1,300. Wakatumia milioni 3.6. Ripoti ikatoka kwa wino mwekundu: idara imezidisha laki sita, itoe maelezo. Akaandikishwa maelezo. Wiki hiyo Dokta alikuwa ametufundisha bajeti inayonyumbulika, ile ambayo kabla ya kumlaumu mtu unairekebisha kwanza kwa kazi iliyofanyika kweli. Wagonjwa 1,300 kwa 3,000 ni milioni 3.9. Wodi ilikuwa imeokoa laki tatu. Alilifanya hilo zoezi kwenye leso ya karatasi pale mgahawani, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Hatukusema kitu. Nadhani ndiye mtu pekee darasani aliyetoka na kitu alichoweza kukipeleka kazini kesho yake asubuhi.

Nisiusifu mtindo huu kupita kiasi. Una kasoro, na kubwa ni kwamba unampenda msemaji. Tulikuwa na wenzetu waliokuja bila kufungua kijitabu, wakasikiliza dakika ishirini za mwanzo, kisha wakasimama na kufupisha maneno ya wengine kwa sauti ya mbunge. Walipata alama. Kulikuwa na kijana wa takwimu, hesabu zake safi kuliko za sisi sote, aliyekuwa na kigugumizi. Sijui alama zake, lakini najua hazikulingana na akili yake. Pia ubishi haukufundishi kukokotoa. Tofauti za viwango vya gharama, mgawanyo wa hatua kwa hatua, bei za kuhamishia bidhaa kati ya idara, hayo unayapata kwa kukaa peke yako na kufanya maswali mengi mpaka mkono uchoke. Wenzetu waliokuwa wameshapita mitihani ya bodi walitushinda vibaya huko.

Halafu kesi nyingi ni za ng'ambo. Tulisoma juu ya viwanda ambavyo mauzo yao hushuka kwa sababu ya theluji, na vyama vya wafanyakazi vyenye mikataba ya miaka mitatu. Si vibaya, gharama ni gharama. Lakini kinachokosekana humo ndicho kinachotusumbua sisi zaidi: kwenye kesi, majedwali yapo. Mtu ameshakaa akayapanga, dizeli kwenye mstari wake, matairi kwenye mstari wake. Ofisini kwangu kazi ya kwanza ilikuwa kujua dizeli ya lori moja kwa safari moja, na hiyo peke yake ilihitaji kupatana na madereva, mhasibu na mwenye kituo cha mafuta. Dokta nilimweleza hilo siku moja. Akaniambia niandike kesi, mwaka ujao ataifundisha. Bado ananidai.

Kazini sasa kila ofa ya mzigo wa kurudi inapewa mistari miwili kwenye fomu: pesa inayoongezeka ukiitoa ile ambayo ingetoka hata hivyo, na siku zinazoongezeka. Pembeni tunaandika Dar kuna mzigo unaongoja au hakuna. Si fomu ya maana sana, ni nusu ukurasa, lakini imepunguza kelele za asubuhi. Mhasibu wetu anaijaza, na chini yake anaandika gharama yake kamili kwa kila kilomita, kwa wino wa bluu, kila mara. Nilikuwa namkataza, sasa namwachia. Bei za mkataba wa mwaka mzima zikija mezani, ile tarakimu yake ya bluu ndiyo tunayoianzia, kwa sababu ukiuza kwa mchango tu safari zote za mwaka, malori yakichakaa hutakuwa na pesa ya kununua mengine.

Tunachobishania hivi sasa ni gereji. Mkurugenzi amepata fundi wa nje anayetoza kwa kila lori bei iliyo chini ya ile tunayojitoza wenyewe, na anataka tuifunge yetu. Mhasibu anaunga mkono. Mimi nimeuliza katika bei yetu hiyo ni kiasi gani ni pango la yadi, ambalo tutalipa hata gereji isipokuwepo, na lori litakaa siku ngapi kwa fundi wa nje likingoja zamu. Fundi mkuu hajauliza lolote. Ameleta daftari lake la mkono, miaka minne, kila lori na tarehe iliyoingia na iliyotoka. Nimelipiga picha kurasa zote, na nimemtumia mzee wa sabuni alitazame kabla ya kikao cha Jumatatu.